Umepita, Alhamdulillahi. Sasa Chuo Gani?

(Mawaidha haya yalitolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika darsa za mwezi wa Ramadhan. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, kwa kupunguza kidogo.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.T.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu. Wako tuliofunga nao mwaka jana ambao leo wako makaburini, Allah awarehemu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Nimeombwa nizungumze juu ya mtihani wa kidato cha nne na kuchagua chuo. Mmoja wenu ameniuliza pale mlangoni, "Mwalimu, hii ni mada ya Ramadhan kweli?" Nikamwambia ngoja utasikia. Miaka hii Ramadhan yatuingilia Februari na Machi, na matokeo ya KCSE hutangazwa Januari. Kwa hivyo mazungumzo ya chuo yanafanyika wapi? Yanafanyika kwenye mkeka wa futari.

Juzi nilialikwa futari nyumba moja hapa hapa mtaani. Kijana wao amepata B. Mashaallah, B si haba. Tumeshakula tende, tumeshaswali Maghribi, twanywa uji, mjomba wake akamwuliza, "Sasa umechagua chuo gani?" Kijana akataja chuo kimoja kidogo, na kozi aliyoipenda tangu kidato cha pili. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwani Nairobi wamekukataa?" Hakusema kwa ubaya, wallahi. Lakini yule kijana aliweka kikombe chini na uji wake haukumalizika. Alikuwa amefaulu, na katika dakika moja akageuzwa aliyefeli.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kusimama hapa leo.

KWA MLIO BADO NA MTIHANI MBELE YENU

Nianze na nyinyi ambao mtihani uko mbele, kwa sababu huwezi kuchagua chuo kabla hujapita. Na kizazi chenu kina jambo lake. Wa mwisho kufanya KCPE walikuwa watoto wa 2023, na hao ndio watakaofunga mlango wa KCSE ya 8-4-4 mwaka 2027. Mtihani huu ulianza 1989. Walioukalia wanajua uzito wake.

La kwanza, fahamuni hesabu yenyewe inavyofanywa. Gredi yako ya wastani yatokana na masomo saba. Kila somo lina pointi 12 za juu kabisa, kwa hivyo jumla ni 84. C+ ambayo ndiyo mlango wa digrii yaanzia pointi 46. Tangu matokeo ya 2023 utaratibu umebadilika kidogo: Hisabati inahesabiwa, lugha moja inahesabiwa, kisha masomo matano uliyofanya vizuri zaidi. Sasa kuna vijana wanaoniambia, "Mwalimu, Hisabati nimeiachia Mungu." Subhanallah! Hukuiachia Mungu, umeitupa. Mnakumbuka yule bedui aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Allah. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Pointi tatu za Hisabati zilizotoka kwa jasho zaweza kukutoa C kukupeleka C+.

La pili, nawasema watoto wetu wa pwani. Twadhani Kiswahili ni chetu kwa kuwa twakizungumza nyumbani. Kiswahili cha KCSE kina karatasi tatu: insha ina alama 40, matumizi ya lugha 80, fasihi 80. Lugha ya nyumbani itakusaidia kwenye insha, na hata huko si sana. Ngeli hazisomwi barazani. Riwaya na tamthilia hazijisomi zenyewe. Nimeona mtoto wa bara aliyejifunza Kiswahili shuleni akimpita mtoto wa Mji wa Kale kwa gredi mbili, na si uchawi, ni kusoma tu.

La tatu ni saa. Mwezi huu umetufundisha kuamka usiku. Ukiweza kuamka saa kumi kula daku, unaweza kubaki na karatasi ya zamani moja mpaka adhana ya Alfajiri. Nusu saa tu. Siku thelathini ni masaa kumi na tano. Sisi tuliofanya mtihani 2004 tuliukalia tukiwa tumefunga; Ramadhan mwaka ule iliingia katikati ya Oktoba, na Idd ikatukuta katikati ya mtihani. Tulipita tuliopita na tulianguka tulioanguka, na simjui mmoja aliyeanguka kwa sababu ya saumu.

La nne ndilo zito. Kuna mtu atakujia na simu yake akwambie, "Nina karatasi, toa pesa." Wengi wao ni matapeli, wanauza karatasi ya uongo. Lakini tuseme ni ya kweli. Kijana, wewe umefunga. Saa nane mchana, jua kali, umeingia bafuni peke yako, mlango umefunga kwa komeo, maji yanatiririka mkononi mwako. Hakunywi. Nani angekuona? Hakuna. Hunywi kwa sababu unajua Yupo anayekuona. Sasa aliyeshindwa kumeza funda moja la maji bafuni, vipi ameze karatasi nzima ya mtihani?

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta lundo la nafaka. Juu limekauka vizuri. Akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Akaulizwa mbona ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione, na akaelezwa kwamba mdanganyifu hayuko pamoja nasi. Gredi ya wizi ni lile lundo. Juu A, ndani maji. Na nchi yetu imewahi kutia mkono katika lundo hilo. Baada ya wizi mkubwa wa mtihani wa 2015, baraza la mtihani lilivunjwa Machi 2016, ulinzi ukakazwa, na mwaka huo waliopata A nchi nzima wakawa 141 tu, ilhali mwaka uliotangulia walipita elfu mbili. Mwaka 2017 wakawa 142. Hizo A nyingine zilikwenda wapi? Nyingi hazikuwako tangu mwanzo.

TATU KATI YA NNE

Kabla sijafika kwenye vyuo, nataka nizungumze na wale ambao hatuwazungumzii. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ na kuendelea walikuwa 246,391. Fanyeni hesabu. Karibu watatu katika kila wanne hawakufika C+. Sasa sisi tunapopita mtaani na keki na maua kwa yule mmoja, hawa watatu wako wapi? Wako chumbani, simu wameizima. Wengine hawaji msikitini kwa sababu wanaogopa kuulizwa umepata ngapi.

Kijana wangu uliyepata C- au D, nisikilize. Mlango haukufungwa, umebadilishiwa mlango. C- inaingia diploma. D inaingia cheti. Chini ya hapo kuna kozi za ufundi, na hizo hazimkatai mtu kwa gredi. Na hizi ni ngazi: mwenye cheti hupanda diploma, mwenye diploma hupanda digrii. Ni safari ndefu zaidi, lakini safari ndefu si safari iliyopotea. Na ukiona kweli uwezo ulikuwako ila ulicheza, kuna kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Hakuna aibu. Aibu ni kukaa maskani miaka mitatu ukilaumu walimu.

Mumjue Profesa Ali Mazrui, Allah amrehemu. Alizaliwa Mombasa 1933. Alipofanya mtihani wa Cambridge mwishoni mwa miaka ya 1940 alipita vibaya, mpaka Makerere hawakumchukua. Na Makerere siku hizo ndiyo iliyokuwa Makerere, hakuna nyingine katika Afrika Mashariki. Akafanya kazi ya ukarani kwenye chuo cha Waislamu cha ufundi hapa Mombasa. Siku moja akahutubia katika sherehe ya Maulidi, Gavana wa Kenya wa wakati huo yupo, akapendezwa na kijana huyu, na hapo mlango wa kwenda kusoma Uingereza ukafunguka. Alipata digrii ya kwanza Manchester 1960, ya pili Columbia huko New York 1961, na udaktari wake Oxford 1966. Na akasomesha wapi? Makerere! Pale pale alipokataliwa akaja kuwa profesa. Baadaye, 2003, akateuliwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Alifariki Oktoba 2014, akarudishwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya watu wake.

Simwambii kila aliyeanguka kwamba atakuwa Mazrui. Nasema mtihani mmoja haukujua yaliyomo ndani ya mtoto yule. Na haujui yaliyomo ndani yako.

JINA LA CHUO

Sasa tuje kwa waliopita. Umepata C+, B, A-. Unafungua mtandao wa KUCCPS kuchagua kozi. Jina gani linakuja kwanza kichwani?

Nitawapa kisa changu, si kwa kujisifu, maana hakina sifa. Mimi nilipata B ya kawaida 2004. Miaka ile waliokuwa wakigawa nafasi za serikali ni bodi ya pamoja ya vyuo, JAB. KUCCPS haikuwako, imekuja na sheria ya 2012. Sikupata nafasi ya serikali. Nilikuwa na barua mbili. Moja ni ya diploma, chuo cha karibu na nyumbani, karo yake tungeiweza. Ya pili ni ya digrii ya kujilipia, paraleli tulivyoita, katika chuo kikubwa ambacho jina lake lilikuwa likitajwa watu wageuza shingo. Kozi yenyewe sikuijua. Naapa, sikujua wanafunza nini. Nilijua jina la chuo tu.

Mamangu aliuza bangili zake. Bangili za harusi yake, alizozivaa tangu kabla sijazaliwa. Nikaenda. Mwaka wa kwanza watu walinisifu, nikirudi likizo nakaa barazani navaa fulana yenye jina la chuo. Mwaka wa pili karo ikapungua. Nikaanza kukosa mtihani kwa sababu ya deni. Mwaka wa tatu sikurudi. Nilikaa dukani kwa ami yangu nikipima sukari na mchele miaka mitatu, mpaka nilipopata moyo wa kuanza upya, diploma ya ualimu kwanza, kisha digrii, katika chuo ambacho nikikitaja wengine huniuliza kiko wapi. Hicho ndicho kilichonipa kazi ninayoifanya. Fulana ile niliifanya kitambaa cha kupangusia baiskeli. Bangili hazikurudi.

Chuo kile hakikunikosea. Kilinifundisha kilichokiuza. Aliyekosea ni mimi niliyenunua jina, nikamlipisha mamangu.

Tutazame Nabii Musa (A.S.). Mtume mkubwa, Allah alizungumza naye. Akaambiwa kuna mja ana elimu asiyokuwa nayo yeye. Akafunga safari mpaka yanapokutana maji ya bahari mbili, na kukosea njia akarudi. Alimfuata nani? Mja ambaye Qur'ani haikumtaja hata kwa jina. La Khidhr tumelipata katika Hadithi. Hakukuwa na lango wala jengo. Musa hakuuliza mwalimu huyu ana cheo gani kwa watu. Alitaka elimu, na akaomba afuatane naye kwa adabu. Kisa hiki twakisoma kila Ijumaa katika Suratul Kahf, halafu Jumamosi twamdharau mtoto aliyechagua chuo kidogo!

Na hayo majina makubwa tunayoyaogopa yalikuwa nini? Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza 1956 kama chuo cha ufundi, kikawa chuo kikuu kamili 1970. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa kambi ya jeshi la Waingereza. Jomo Kenyatta pale Juja kilianza 1981 kikitoa diploma na vyeti. Na hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wengine wetu twakiita "Poli" kwa kukibeza, asili yake ni kile chuo cha Waislamu alichokuwa karani Mazrui. Kilisimamishwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1951, ili Mwislamu wa Afrika Mashariki apate ufundi. Kikawa taasisi ya ufundi 1966, Polytechnic 1972, chuo kikuu kishiriki 2007, na chuo kikuu kamili 2013. Wazee wetu walitoa mali zao kukijenga. Sisi twaona haya kukitaja.

Sisemi jina halina maana kabisa. Tuwe wakweli. Chuo cha zamani mara nyingi kina maktaba kubwa, kina walimu wengi, na waliomaliza wako maofisini. Ukipata kozi yako, karo ipo, na chuo ni kikubwa, nenda na umshukuru Allah. Ninalosema ni kwamba jina liwe la tano, lisiwe la kwanza.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA JINA

Swali la kwanza: ni kozi gani, na ninaiweza? KUCCPS hawaangalii gredi ya wastani peke yake. Wanaangalia masomo manne yanayohusu kozi unayoitaka, na wanakupa pointi za klasta kati ya 48. Ndiyo maana mwenye B+ anaweza kukosa kozi akaipata mwenye B, kwa sababu masomo manne ya yule wa pili yalikuwa na nguvu. Basi usione umeonewa. Angalia alama walizoingilia wa mwaka uliopita, kisha uchague kozi za ndoto na za uhakika pia, usijaze zote za ndoto.

Swali la pili: kozi hii inatambuliwa? Hili watu wengi hawaliulizi. Uhandisi una Bodi ya Wahandisi, uuguzi una Baraza la Wauguzi, udaktari una baraza lake, sheria kadhalika. Chuo kinaweza kuwa na jina na kozi fulani ikawa haijapitishwa na bodi yake. Utasoma miaka mitano kisha usiandikishwe. Chuo chenyewe nacho kiwe kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Orodha zipo wazi kwenye mtandao. Dakika kumi za kuangalia zitakuokoa miaka.

Swali la tatu: gharama yote ni ngapi mpaka siku ya kumaliza? Si muhula wa kwanza. Ule hata mimi nililipa! Hesabu karo, nyumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi. Tangu 2023 serikali imeleta mfumo wa kumpima mwanafunzi kwa uwezo wa familia yake, na umefikishwa hadi mahakamani, kwa hivyo soma tangazo la mwaka wako mwenyewe, usitegemee alivyolipa kakako.

Na hapa mnaniuliza kila mwaka juu ya mkopo wa HELB, kwa sababu umekuwa ukitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, si mufti. Waulizeni masheikh wetu, na muwaulize mapema, si siku ya mwisho ya kutuma fomu. Lakini hili nalisema: mtu anayeogopa riba kwa dhati huanza kwa kupunguza haja ya deni. Ukipata kozi ile ile, inayotambuliwa na bodi ile ile, karibu na nyumbani kwa nusu ya gharama, ukaiacha ukafuata jina ukaingia deni, hiyo si dharura. Hiyo ni fahari, na fahari haihalalishi kitu.

Swali la nne: dini yangu itakuwa katika hali gani? Pana msikiti au chumba cha kuswalia? Pana jumuiya ya wanafunzi Waislamu inayofanya kazi? Ijumaa utaipata, au kila wiki una kipindi saa saba? Dada zetu, nyumba ya kukaa ni salama? Aliyetangulia yupo, mpigie simu. Na usisahau istikhara, rakaa mbili na dua yake. Istikhara si kuota ndoto ya jina la chuo. Ni kushauriana na wanaojua, kufanya hesabu yako, kisha kumkabidhi Allah ukiwa radhi na litakalokuwa.

Ukishajibu hayo manne, sasa uliza jina. Karibu.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu, tuvumilieni kidogo. Maneno matatu.

Kwanza, msichana. Bado tuna nyumba ambazo mtoto wa kiume mwenye C+ huuziwa kiwanja apelekwe mbali, na dadake mwenye B+ huambiwa mbali hapana, karibu pia tutaona. Kama hofu ni usalama wake, hofu hiyo ni ya haki, basi itafutiwe dawa: chuo cha karibu, jamaa wa kukaa naye, bweni la wasichana. Ugonjwa hautibiwi kwa kumkatia mtoto elimu. Tunapotaka mkunga Mwislamu wa kumzalisha mke wetu, tunadhani ametoka wapi?

Pili, zaka. Mwezi huu wengi wenu mnatoa. Tumezoea kugawa mia mia kwenye foleni. Ni kheri. Lakini mwanafunzi fukara naye ni fukara. Watu kumi wa ukoo mmoja wakikusanya zaka zao wakamlipia mtoto mmoja wa jamaa asiyejiweza mwaka mmoja wa chuo cha ufundi, huenda Ramadhan chache baadaye mtoto huyo akawa ndiye anayetoa. Zungumzeni na masheikh wenu namna ya kuitoa ipasavyo. Na fedha za basari za kaunti na za eneo bunge zina fomu na zina siku ya mwisho. Zifuateni.

Tatu, ndimi zetu. Yule mjomba wa futari hakukusudia ubaya. Lakini mtoto husikia swali letu kabla hajasikia nia yetu. Badala ya "Chuo gani?" tumwulize, "Utasomea nini, na utawafaa vipi watu?" Na ugonjwa huu wa jina usidhani utakufa na KCSE. Watoto wa mtaala mpya wameingia gredi ya 10 mwaka 2026, wana njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Tayari nasikia wazazi barazani wakishindana kwa majina ya shule, hata mtoto hajaulizwa anapenda njia gani. Tusiwarithishe.

MWISHO

Baada ya futari ile nilimfuata yule kijana nje. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi. Nikamwuliza ile kozi yake ni ya nini. Akaanza kunieleza. Alieleza mpaka adhana ya Isha ikatukatiza, mikono yake inachora hewani, uso umebadilika. Nikamwambia, "Mwanangu, maelezo haya kamweleze mjomba wako kama ulivyonieleza mimi." Tukaenda msikitini. Baada ya Taraweh nikawaona wawili wamesimama penye viatu, kijana anachora hewani, mjomba ameinamisha kichwa anasikiliza. Sijui waliamua nini, na si kazi yangu kujua.

Siku ya Kiyama tutaulizwa elimu yetu tuliifanyia nini. Sijapata kusikia kwamba tutaulizwa tuliipata chuo gani.

Ewe Mola wetu, wafungulie vijana wetu walio na mtihani mbele yao, uwape ufahamu na uaminifu. Waliopita uwape njia iliyo na kheri nao, hata kama haina sifa kwa watu. Walioanguka uwainue, na uwape wazee wao subira na maneno mazuri. Uwarehemu mama zetu waliouza walichonacho ili sisi tusome, walio hai na waliotangulia. Utukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.